Nguzo Iliyosimama Juu ya Dhannu

Karani Bansidhar alipima nguzo ya kwanza, akaguna. Akapima ya pili, akaguna vilevile. Alipofika ya tatu akaipima, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kutoka chini hadi juu kama mtu anayemtazama mkwe aliyekuja mikono mitupu, kisha akaipima tena.

"Mehru!" aliita. "Mnyapara Mehru, hebu njoo hapa. Mmeanza mchezo wenu?"

Mchezo huo acha niuseme mwenyewe kabla hajausema mwingine, maana sisi Waodi tunasingiziwa hata pale ambapo hatujaucheza. Kazi yetu ni udongo. Baba zetu wamechimba mabwawa na visima na misingi ya ngome, na mwaka ule tulikuwa kwenye mfereji mkubwa wa Ganga, kusini ya Rurki, pale Wazungu walipotaka mto uache njia yake ukanyweshe mashamba yote yaliyo kati ya mito miwili. Sasa ukichimba shimo kubwa namna ile, mtu atajuaje ardhi ilikuwa juu kiasi gani siku ilipokuwa bado nzima? Ndiyo maana tunaacha nguzo za udongo, hapa moja, pale moja, bila kuzigusa. Kichwani zina majani yaleyale ya zamani, na miguu yake iko huku chini kwenye sakafu tuliyoichimba. Tunaziita mashahidi. Karani anaweka kamba kichwani mwa shahidi, anaishusha hadi sakafuni, anajua tumefanya kazi au tumelala. Na mchezo ndio huu: unabandua majani ya kichwani, unamwaga vikapu viwili vitatu vya udongo, unarudisha majani juu yake kama kofia. Shimo halijaongezeka, lakini shahidi amerefuka.

"Huyo hatujamgusa," alisema Mehru. Mehru ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu.

"Wenzake wana dhiraa kumi na moja. Huyu ana kumi na mbili na kitu. Vipi, mnamnyonyesha?"

Wanawake tuliokuwa tunajaza vikapu tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Wifi yangu Kesari peke yake hakucheka. Alitua kikapu chake, akaja kusimama katikati ya karani na ile nguzo.

"Panda uangalie, bwana karani," alisema. "Ukikuta majani yamebanduliwa, nikate pua."

Karani akapandishwa ngazi, ameshika pindo la shuka alilojifunga kiunoni kwa vidole viwili. Alipofika juu akachomeka kisu kwenye majani, akavuta. Hayakutoka. Akavuta upande wa pili. Mizizi ilikuwa imefumana, imeshikamana na ardhi kama nywele kichwani, haikuwa imekatwa popote. Alishuka polepole kuliko alivyopanda.

"Basi amejirefusha mwenyewe," alisema, na hakuonekana kama anatania.

Ndani ya nguzo ile alikuwa amelala Dhannu, mdogo wangu wa pili, mume wa Kesari.

Alikufa mwishoni mwa mvua, wakati wa kipindupindu. Asubuhi alikula mkate wa uwele na kitunguu, akamtukana punda, akacheka. Adhuhuri macho yalikuwa yamezama ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Alasiri tulikuwa tumeshamzika kwenye mwinuko, nyuma ya vibanda vyetu vya matete. Kesari hakuwepo. Alikuwa amekwenda na punda watatu kwenye kambi ya wazazi wake, mwendo wa siku mbili. Watu waliuliza, "Tumngoje mkewe?" Na mimi, dada mkubwa, mwenye mdomo mpana kambi nzima, ndiye niliyesema tusimngoje. Joto lilikuwa kali, watoto wamejaa kila kona. Nilisema hivyo na watu wakafanya hivyo.

Aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Nani aliweka sikio kifuani mwake?"

"Alikuwa wa baridi, wifi," nikamwambia. "Nilimshika mwenyewe. Baridi kabisa."

"Mgonjwa wa tumbo lile huwa wa baridi tangu yu hai."

Tangu siku ile alinifanyia heshima zote, akanipikia, akanipa mahali pazuri pa kukaa karibu na moto, lakini akinitazama naona swali lile liko palepale.

Kisha sahibu mhandisi, yule Mzungu wa mfereji, akakuta mchanga kwenye njia ya mfereji, akaisogeza njia kwa upana wa shamba moja, na kaburi la Dhannu likawa katikati kabisa. Mehru akasema tumhamishe. Kesari akaenda kujilaza juu ya kaburi, kifudifudi, na pale alikaa kuanzia jua kuchomoza mpaka lilipokuwa utosini, punda wanamzunguka. Sisi hatuchomi maiti kama majirani zetu. Tunazika, na aliyezikwa hahamishwi. Hatimaye karani, aliyekuwa na haraka ya kumaliza, akasema, "Mwacheni basi awe shahidi." Ndivyo ilivyokuwa. Tulichimba pande zote, tukamwacha ameinuliwa juu kidogo kidogo kadiri sisi tulivyoshuka, nguzo nene kuliko zote, pana kama banda la punda, na Dhannu yuko huko juu ndani yake.

Kila mtu alijua kuwa nguzo zote zitakatwa kabla maji hayajaja. Kesari naye alijua. Alichotaka ni kimoja tu: pasitokee jembe la mtu yeyote litakalomgusa mumewe mpaka yeye mwenyewe ajue tulimzika akiwa maiti au yu hai.

Na kulikuwa na jambo la shuka. Kwetu mjane anafunikwa shuka na mdogo wa marehemu, akawa mkewe, maisha yanaendelea. Mehru alikuwa ameshanunua shuka lenyewe, jekundu, zuri, nililiona. Hakuwa na haraka na hakuwa na ubaya. Lakini kila akigusia, Kesari anajibu vilevile: "Shemeji, mwenye mume hafunikwi."

Wanawake walimsema, bila shaka. Lachho, jirani yangu, mwanamke wa maneno kama mimi, alisema Kesari amerogwa na kaburi. Nikamwambia anyamaze, halafu nikakaa kumsikiliza aendelee.

Wiki iliyofuata karani alipima tena. Wale wengine dhiraa kumi na mbili, maana tulikuwa tumechimba. Dhannu kumi na nne.

Ulikuwa mwezi wa Pusi, mwezi wa ukungu. Mchana unaweza usimwone punda uliyemshika mkia. Watu wanatokea kwenye weupe na vikapu kichwani, wanapita, wanamezwa tena. Unasikia majembe lakini huoni wachimbaji. Adhuhuri, tulipokuwa tunakula, Kesari alikuwa na desturi ya kukaa na kuegemeza mgongo wake kwenye ile nguzo. Siku hiyo aliniita.

"Wifi, njoo ule huku."

Nikaenda na mkate wangu na kipande cha sukari guru. Nikakaa kando yake, nikaegemea. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba nguzo ilikuwa na joto. Kila kitu kilikuwa na umande, blanketi langu limelowa, meno yanagongana, na ule udongo ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

"Weka sikio," alisema.

Nikaweka. Mwanzoni nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha: tuf, tuf. Kimya. Tuf, tuf. Kimya. Kama mtu anayepiga gunia la unga ili likae vizuri. Usawa wa bega langu, ndani kabisa.

"Ni majembe ya upande wa pili," nikasema.

"Upande wa pili wanakula. Sikiliza."

Kweli, hapakuwa na jembe lolote linalofanya kazi mfereji mzima. Palikuwa na ukungu tu na watu wanatafuna. Na ndani ya nguzo: tuf, tuf.

Kesari aliniomba nisimwambie mtu. Sasa ndugu zangu, ninyi mnanijua. Nilijitahidi. Nilijitahidi mpaka nikafika kwa Lachho, na kabla dengu zake hazijachemka kambi nzima ilikuwa imeinama kwenye ile nguzo, masikio yamebandikwa pande zote kama kupe kwenye punda.

Bibi Rami, mzee kuliko wote, aliletwa amebebwa mgongoni na mjukuu wake. Aliweka sikio, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu hata tukadhani amesinzia. Alipofumbua, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Anapanda," alisema. "Babu anapanda."

Hapo lazima niseme habari ya babu, ingawa kila Mwodi anaijua. Babu yetu wa kwanza aliapa kuwa hatakunywa maji mara mbili kwenye kisima kimoja. Kila siku alichimba kisima kipya. Siku moja maji yakawa mbali, akachimba, akachimba, akazidi kushuka, na hakurudi tena juu. Ndiyo maana tunavaa sufu hata jua likiwaka. Ni msiba wake, haujaisha. Siku atakayopanda ndiyo siku tutakayovua sufu na kuvaa pamba kama watu wengine.

Basi habari zikatoka. Kambi za Waodi ziko mfereji wote, kutoka Kankhal mpaka huku chini, na baada ya siku nne walikuwa wanafika na punda wao, mbwa wao, wagonjwa wao. Wakatujaa. Kibanda changu kililaza watu kumi na saba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Napenda nyumba iliyojaa. Nilisonga unga mpaka mikono ikavimba, nikasikia habari za ndoa na talaka za miaka mitatu niliyokuwa nimezikosa. Lachho alikwenda kijijini kwa Wagujari akarudi na kitambaa cha pamba, cheupe, anakipeperusha.

"Wewe, si ungengoja babu atoe kichwa kwanza?" nikamwambia.

"Nikingoja vitaisha. Nyote mtakimbilia dukani siku moja, mimi nitakuwa nimeshashona."

Tulicheka. Mchana tulicheka sana. Lakini punda hawakucheka. Punda wetu, waliokuwa wanapita pale tangu mwanzo, walianza kuizunguka nguzo kwa mbali, wakisugua mbavu zao kwenye ukuta wa mfereji mpaka manyoya yanang'oka. Ukimvuta mmoja kuelekea kule anakaa chini na mzigo wake. Na kulikuwa na wakati mmoja kila siku, adhuhuri, ambapo watu wote wale, mia na zaidi, walinyamaza kwa pamoja bila kuambiwa, na ukungu umetufunika, na sauti ile ikasikika hata bila kuweka sikio.

Kesari hakuwa anafurahi na wengine. Kila siku alikuja na kucha yake akakwaruza alama kwenye udongo, mahali sauti iliposikika zaidi. Siku ya kwanza ilikuwa usawa wa bega. Aliponionyesha, alama zilikuwa saba, moja chini ya nyingine kama ngazi. Ya mwisho ilikuwa usawa wa kifundo cha mguu.

"Wifi," aliniuliza, "ukichimba shimo, halafu ukarudisha udongo wake wote shimoni, unatosha?"

"Unazidi."

"Kwa nini unazidi?"

"Swali gani hilo? Udongo ukishavurugwa unavimba. Hata punda wetu wanajua."

"Ukivurugwa ndani ya nguzo, je? Ukakosa pa kwenda?"

Nikainua macho. Juu kule, ndani ya weupe, majani ya kichwani mwa shahidi yalikuwa yamevimba katikati kama mkate uliowekwa hamira.

"Hakuna anayepanda," alisema Kesari. "Kuna mtu anashuka. Anakata mbele, anapitisha udongo nyuma yake. Piga mbili, pumzika. Piga mbili, pumzika. Unamjua nani anayechimba hivyo?"

Namjua. Bega la kulia la Dhannu liliwahi kuvunjika akiwa kijana, likapona vibaya.

"Lakini kwa nini achimbe kwenda chini?" nikasema. "Kama... kama aliamka. Juu ndiko kwenye hewa. Juu palikuwa karibu, kina cha kifua tu."

"Wewe umewahi kumwona mtu wetu akichimba kwenda juu?"

Sikuwahi. Hakuna aliyewahi. Mchukue Mwodi yeyote, mwamshe gizani, mfunike udongo mpaka asijue alipo, atafanya kile mikono yake inachokijua tangu alipoacha ziwa la mama.

Siku hiyohiyo karani alileta amri. Sahibu anakuja baada ya siku tatu kukagua sakafu. Mashahidi wote wakatwe, pasibaki hata kisiki, maji yanakaribia kufunguliwa. Wageni wakashangilia. Walitaka nguzo ipasuliwe upesi ili babu asichoke bure. Mehru akapanga watu wanane wenye majembe mapana wakate kutoka chini, kama tunavyokata siku zote, nguzo iangukie upande mmoja.

Kesari akaja akasimama mbele ya wale wanane.

"Ukikata kutoka chini, shemeji, utamwangushia kaka yako dhiraa kumi na tano za udongo."

"Kesari," alisema Mehru, kwa upole, mbele ya watu wote. "Amekufa. Miezi minne sasa."

"Basi hutapata hasara nikitazama. Nitaingia kutoka juu, peke yangu."

"Na usipokuta kitu ila mifupa?"

"Nitakuwa mjane. Leta shuka lako siku hiyohiyo, nitainamisha kichwa."

Watu walinung'unika. Bibi Rami alitaka babu apokewe na wanaume. Lakini Mehru aliitikia kwa kichwa, akawaondoa wale wanane. Nadhani alikuwa na hakika kwamba atakuta mifupa. Mimi sikuwa na hakika ya chochote.

Asubuhi ya pili yake ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Tulisimamisha ngazi mbili zilizofungwa pamoja. Kesari alipanda na jembe lake fupi, kikapu na kamba. Mimi nilipanda nyuma yake, maana nilisema nitavuta mimi, na nikamtazama vibaya kila aliyetaka kunizuia. Juu kule palikuwa kama juu ya kisiwa. Chini tulisikia watu wakikohoa, lakini hatukuwaona.

Alikata majani. Chini yake udongo ulikuwa mlaini, mwororo kama uliochekechwa. Haukuhitaji jembe hata kidogo, aliuzoa kwa mikono. Kina cha goti. Kina cha kifua. Hapo ndipo tulipomlaza Dhannu. Niliijua hata rangi ya udongo ule, mwekundu kidogo. Hapakuwa na mifupa. Hapakuwa na blanketi tulilomfungia. Palikuwa na udongo laini unaoendelea kushuka, na pembeni yake ukuta mgumu, wa mviringo, mzuri, kisima kilichokatwa na fundi.

"Endelea kuvuta, wifi," alisema, akashuka.

Nikavuta. Kikapu kinapanda, namwaga pembeni, nasikia udongo ukiwaangukia watu wa chini na wakinitukana. Kinashuka, kinapanda. Sauti yake ikawa ya kisimani. Mehru, chini, aliupima urefu wa kamba kwa jinsi nilivyomwitia mafundo yake, moja kwa kila dhiraa, na baada ya muda akaacha kujibu. Alikuwa amejua kile nilichokijua: Kesari alikuwa ameshapita usawa wa miguu yao. Alikuwa chini ya sakafu ya mfereji.

Karani Bansidhar alifika, akaanza kufoka kuhusu tundu kwenye sakafu, maji yatavuja, sahibu atasema nini. Kisha akanyamaza. Wote walinyamaza. Nilisikia jembe la Kesari, mbali chini, mpigo mmoja mmoja, sawasawa. Na katikati ya mipigo yake: tuf, tuf. Kimya. Tuf, tuf.

Sasa nitakachosema, mikono yangu ndiyo iliyokiona, si macho. Mwanamke mmoja anajaza kikapu kwa muda fulani. Nimejaza vikapu maisha yangu yote, muda huo uko kwenye mifupa. Nilishusha kikapu, nikavuta pumzi nipumzike mgongo kama kawaida, na kamba ikatikiswa palepale. Kimejaa. Nikavuta, nikamwaga, nikashusha. Kimejaa tena. Kikapu kinajazwa kwa nusu ya muda. Udongo ulitoka wenye joto, na ndani yake alama za vidole vilivyoubana, vidole vipana, na Kesari ana vidole vyembamba kama vya mtoto.

"Kesari!" nikaita. "Wifi! Mko wangapi huko?"

Kamba ikatikiswa. Nilivuta. Nilikuwa nalia na kuvuta, na sikuweza kuacha, kwa sababu kikapu kikijaa unavuta, hakuna Mwodi anayekiacha kikapu kilichojaa chini.

Kisha jembe lake likanyamaza. Kamba ikalegea. Jua lilikuwa limepanda, ukungu umegeuka rangi ya dhahabu chafu, na tulingoja. Tulingoja mpaka Mehru alipopanda ngazi, akakaa kando yangu, akashika kamba pamoja nami.

Mwishowe ilivutwa mara tatu. Tuliivuta wawili, ikapanda nzito, na Kesari akatokea amekaa ndani ya kitanzi, mwekundu kwa udongo tangu utosini, nyusi hazionekani, macho meupe. Mehru alimshika mkono akamtoa. Mkono wake ulikuwa na joto kama ile nguzo.

"Jembe liko wapi?" Mehru aliuliza, maana mnyapara ni mnyapara hata siku kama ile.

"Nimemwachia. Alikuwa anatumia mikono."

Tulimteremsha. Watu walimpisha njia, wakarudi nyuma mpaka wakafika kwenye punda. Bibi Rami peke yake ndiye aliyebaki mahali pake.

"Ni babu?" aliuliza.

"Ni mume wangu, bibi."

"Amesemaje?"

"Nilimwita. Hakugeuka, alinipa kisogo tu. Nilimwambia tuondoke, maji yanakuja." Alipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono. "Akasema, 'Nakuja, ngoja nimalize hapa.'"

Mtu mmoja nyuma yangu alianza kucheka, akaacha. Kila mmoja wetu alikuwa amemsikia Dhannu akijibu hivyo, kila adhuhuri, mkate ukipoa.

Karani ndiye aliyepata sauti kwanza. "Jazeni," alisema. "Jazeni sasa hivi. Udongo wa mfinyanzi juu, mshindilie."

"Mjaze," alisema Kesari. "Lakini msishindilie."

Basi tuliibomoa nguzo kutoka juu, safu kwa safu, na kila kikapu tukakimwaga kwenye lile tundu. Nimeshasema udongo uliovurugwa unazidi. Siku ile haukuzidi. Shahidi mzima wa Dhannu aliingia. Tukabomoa shahidi wa jirani yake, naye akaingia. Tukabomoa na wa tatu. Jua lilipoanza kupinda tundu lilikuwa limejaa, na tulipokwenda kunywa maji tukarudi, lilikuwa limeshuka kiganja kimoja. Karani akaagiza matofali na chokaa, akalifunika, na sahibu alipokuja alikanyaga pale na kiatu chake bila kujua.

Wageni waliondoka kabla ya siku mbili, bila kuaga vizuri. Lachho alimuuzia mwanamke wa Kigujari kitambaa chake, akasema kilikuwa kinamwasha hata hivyo. Mehru hakutaja tena shuka. Mwaka uliofuata, tulipokuwa kwenye kazi nyingine, maji yakiwa yameshafunguliwa na watu wakiyasifu mpaka Kanpur, alioa binti wa kambi ya juu, msichana mzuri ila mvivu wa kuamka, na Kesari ndiye aliyempamba bibi arusi. Hakuna aliyemwita mjane. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kutomwita. Ilikuwa hivyo tu.

Lakini alasiri ile, wakati tunajaza, mimi na yeye tulikuwa tumeinama kwenye rundo moja, vichwa vinakaribia kugusana. Nilijua kuwa nisipouliza pale sitauliza tena.

"Kesari," nikasema polepole. "Siku ile niliposema tusikungoje. Alikuwa..."

Aliinua uso wake mwekundu akanitazama. Alinitazama kama mtu anayepima kina cha kitu. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

"Jaza kikapu, wifi," alisema.

Nikajaza.